Mgeni wa Nyota Asiye na Wajomba

Siku ya kuniaga mlinitaka niseme maneno machache nikakataa. Spika ilikuwa mbovu, na ni spika ile ile niliyoitengeneza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Nimeona heri niandike. Mimi si mtu wa shule. Niliishia darasa la tatu kule Adumi, na Kiswahili changu nilikiokota gereji, kwa wanajeshi na madereva wa malori. Atakayeona makosa ayaache yalipo. Karibu kila kitu mlichokipiga picha katika kampuni hii kimepita mikononi mwangu, kwa hiyo mtanisoma hivyo hivyo.

Sitaeleza nilipandishwa lini na kuwa nani. Nataka kueleza jinsi sehemu moja ya mchezo wetu wa watu wa nyota ilivyobadilika kabla haijafika kwenye televisheni. Ninyi mlioajiriwa juzi mmeiona, mnadhani iliandikwa vile. Haikuandikwa vile. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo, na bado nikiifikiria nashangaa ilikotoka.

Kabla ya televisheni nilikuwa nachomelea milango, madirisha na vitanda hapa Arua. Kazi hiyo nilifundishwa na mzee Ondoma, mtu mkali, mwenye vidole saba, vile vingine vitatu alivikosa kwenye mashine akiwa kijana. Hakunifundisha kwa maneno. Alinipa bati lililokunjika akaniambia nilinyooshe bila kulitoboa, na nilipolitoboa alinipa lingine. Kitu kimoja tu alikuwa anakisema kwa mdomo: kabla hujagusa chuma, uliza nani atakitumia. Mlango wa duka na mlango wa chumba cha bibi mzee si kitu kimoja, hata kama vipimo vinafanana.

Basi siku Candia alipokuja karakana, mimi niliuliza maswali yangu kama kawaida. Candia ndiye mwenye kampuni na ndiye dairekta, hilo mnalijua, lakini wakati ule mimi sikumjua. Nilimwona mtu mwenye viatu vyeupe, na karakana si mahali pa viatu vyeupe. Akasema anataka chombo cha kutoka nyota nyingine. Nikamwuliza wanaingia watu wangapi. Akasema mmoja. Nikamwuliza mlango unafunguka ndani au nje.

"Fundi," akasema, "hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo."

"Basi hakuna mtu aliyewahi kukutengenezea," nikamwambia.

Ndivyo nilivyoingia kazini. Chombo cha kwanza kilikuwa tangi la maji la plastiki lililopasuka, madishi mawili ya satelaiti, taa za bodaboda na mlango wa chuma uliofunguka nje. Niwape ushauri hapo hapo kabla sijasahau. Msipake rangi ya fedha kitu kitakachopigwa picha mchana. Jua la kwetu linaonyesha kila alama ya brashi, na mtazamaji anaona tangi. Pakeni masizi yaliyochanganywa na oili chafu, mfute na gunia. Kitu kinaonekana kimesafiri.

Tulifanya sehemu nyingi. Kila moja ilikuwa na kitu kigeni kinachoingia huku kwetu West Nile: mashine inayokumbuka ndoto, redio inayosikia kesho, mambo ya namna hiyo. Nyingi alikuwa anaziandika Candia mwenyewe usiku, asubuhi anakuja na macho mekundu. Halafu akachoka, akampa sehemu moja Ayikoru.

Ayikoru wengi wenu mnamwita Madam. Mimi nilimjua akiwa anakunja nyaya. Alikuwa amesoma habari redioni kwa Kilugbara, akaja kwetu kwa sababu alitaka kuandika, Candia akampa nyaya. Alizikunja vizuri, nasema kweli, hakuna aliyezikunja kama yeye. Alikuwa na swali kwa kila kitu. Kwa nini mgeni huyu anakuja Arua, hana nyota nyingine ya kwenda? Anakula nini? Nani anampikia? Candia alimwambia aandike basi, tuone.

Lakini aliweka sharti, akalisema mbele yetu sote ili asije akalikana. Kituo cha televisheni cha Kampala kilikuwa kinangoja sehemu hiyo. Kama tungemaliza kupiga picha na hadithi haina mwisho, angempa mwandishi mmoja wa Kampala aliyekuwa anamsumbua kwa simu. Huyo angechukua sehemu hiyo na zote zinazofuata, na Ayikoru angerudi kwenye nyaya. Ayikoru akasema sawa. Niliona anashika waya ambao haukuhitaji kushikwa.

Hadithi yake ya kwanza ilikuwa ya vita. Chombo kinatua katikati ya uwanja wa mpira Onduparaka siku ya mechi, watu wanakimbia, mgeni anatoka na kuamrisha mji. Mimi nilifurahi sana, kwa sababu chombo kilionekana chote, mbele na nyuma. Tulikipeleka uwanjani kwa lori. Mashabiki walikubali kupigwa picha bila taabu, walituomba tu tusiwasimamishie mechi. Mgeni alikuwa Ezati, kijana wa mpira wa kikapu, mrefu mpaka anainama kuingia benki. Nikawasha taa, moshi ukatoka, mlango ukafunguka nje, Ezati akatoka na kofia yake ya sufuria.

Hakuna aliyekimbia. Timu yao ilikuwa inaongoza kwa bao moja. Mtu mmoja alimwambia Ezati atoke mbele, anamziba. Candia alipiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba wakimbie, mji umevamiwa, na mzee mmoja mwenye filimbi shingoni akamjibu kwamba mji utavamiwa baada ya mechi. Tulijaribu tena mapumzikoni. Walikimbia, lakini walikuwa wanacheka, na wengine walikimbilia kwa muuza chapati.

Candia alirudi amenuna. Ayikoru hakununa. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku la maiki akiuliza hewa kwa nini hawakuogopa. Niliona anataka jibu kweli, kama mtu anayefungua injini kusikiliza inapogonga.

Hadithi ya pili aliandika upya. Safari hii mgeni anakuja kwa siri, amevaa kama mchuuzi, anaingia soko la Adumi kupeleleza watu. Chombo changu kikabaki mlango tu, nyuma ya vichaka. Sikusema kitu. Nilisema kidogo.

Adumi ni kwetu, wanawake wa soko lile nawajua. Tuliwaambia: huyu ni mtu wa ajabu, mumwogope. Ezati akapita kati ya mafungu ya muhogo na simsim, amepakwa uso rangi ya majivu, macho tumeyawekea vioo vya rangi ya njano. Mwanamke wa kwanza akamwuliza ni mtoto wa nani. Ezati hakuwa na neno hilo kwenye karatasi, akasema anatoka mbali. Mbali wapi? Juu. Juu upande wa Vurra au upande wa Maracha? Wa pili akasema anafanana na ukoo wa shemeji yake, wale warefu. Wa tatu akamwambia amekonda, mama yake hajui kupika. Kabla hatujazima kamera walikuwa wamemketisha na kumpa karanga, na walikuwa wanabishana juu ya ukoo wake kana kwamba yeye hayupo.

Candia aliona siku imepotea. Ayikoru alikuja kwangu, macho yanawaka.

"Mzee, umeona?" akasema. "Hawaulizi anataka nini. Wanauliza ni wa nani."

Nikamwambia niliona, na kwamba mlango wangu ulikuwa nyuma ya vichaka siku nzima haukufunguliwa hata mara moja. Hakunisikia. Alikuwa ameshaanza kuandika.

Ndipo hadithi ya tatu ikatokea. Hakuna vita, hakuna upelelezi. Mgeni anaanguka Kuluba, upande wa Koboko, anafika kwenye nyumba ya mwanamke mmoja mjane, anaugua, mwanamke anamtunza kwa uji na maji mpaka anakufa. Kijiji kinamzika kwa heshima. Chombo? Shimo lililoungua kwenye shamba la muhogo. Mimi fundi wa miaka yote hiyo nikapewa kazi ya kuchoma nyasi. Nilizichoma vizuri.

Candia aliisoma akasema ni nzuri lakini haina mwisho. Kuzika mtu si mwisho, akasema, watu wanazikwa kila siku. Alitaka mgeni afufuke kaburini, apae juu na taa. Taa alizileta kwenye gari, tayari. Ayikoru akamwomba aone mazishi kwanza. Candia akasema ataona, lakini Kuluba ndiyo safari ya mwisho, hatuna nyingine.

Kule tulipokelewa na mama Rukia, mwigizaji wetu wa Koboko, mjane kweli, na nyumba tuliyotumia ilikuwa nyumba yake kweli. Watu wa kujaza picha walikuwa majirani zake, Waislamu na Wakristo wamechanganyika, wakulima, na wazee waliokuwa jeshini zamani. Kati yao alikuwepo Hajji Taban, mwembamba, amenyooka kama bomba la inchi moja, mtu wa maneno machache ambaye kila mtu alimwangalia kabla ya kujibu.

Taabu ya kwanza ilikuwa yangu. Nilikuwa nimetengeneza maiti ya sponji ya godoro, nimeiviringisha shuka, uzito nimeweka mchanga. Ilikuwa kazi safi. Wazee wakaiangalia wakasema hapana. Kaburi likichimbwa kwenye ardhi ya mtu haliwezi kubaki bure wala kuwekwa mchezo, litamwita mwenye nyumba aingie yeye. Nikatoa sponji, tukakata mgomba wa mama Rukia, tukaufunga shuka ile ile. Mgomba unakubalika, wanauzika pale mwili unapokosekana. Mzito pia, na unalala vizuri kuliko sponji. Mkumbuke hilo.

Taabu ya pili ilikuwa ni mchungaji au shehe. Walibishana kidogo, wakakubaliana kwamba kwa kuwa dini yake haijulikani, kila mtu aombe kimoyomoyo.

Taabu ya tatu ndiyo iliyosimamisha kazi. Kamera inaenda, wanaume wamebeba mgomba mpaka ukingoni, kisha wakauweka chini na kukaa. Candia akauliza kuna nini. Mmoja akajibu kwamba wanangoja wajomba.

Ninyi watoto wa huku mnaijua desturi hiyo. Sisi Walugbara tuko nayo na Wakakwa wako nayo. Mtu hazikwi kabla ndugu za mama yake hawajafika na kuelezwa amekufaje. Wao ndio wanaosema mzike. Ukiwaruka, unajitafutia kesi isiyokwisha. Sisi tuliotoka Arua na karatasi zetu, wote tunaijua, tumezika watu wetu hivyo, na hakuna hata mmoja aliyeikumbuka. Nadhani ni kwa sababu tulijua ni mgomba.

Candia akasema hii ni televisheni, wafanye kana kwamba wajomba wamekuja. Walimsikiliza kwa adabu na hawakuinuka. Akamgeukia Ayikoru akamwambia kwa sauti ya chini, lakini mimi nilisikia, kwamba jua linakwenda, na kama hana la kufanya, taa zitolewe kwenye gari, mgeni apae, na kesho atampigia yule wa Kampala.

Ayikoru aliweka karatasi zake juu ya boksi langu la spana, akaenda akakaa chini na wale watu, miguu upande mmoja kama mtu aliyekuja msibani. Akawauliza swali lile lile lililokuwa linamkaa rohoni tangu Adumi. Mtu kama huyu, ametoka juu, hana mtu anayemjua, wajomba zake ni akina nani?

Walifikiri. Waliifikiria kweli, kama kesi. Mmoja akasema labda mwenye shamba alikoangukia. Mwingine akasema hapana, huyo anadai muhogo wake ulioungua, hawezi kuwa pande mbili. Kisha Hajji Taban akasimama, akapangusa kanzu.

"Kama hakuna mutu," akasema, "mimi ni mjomba yake."

Candia akacheka. "Hajji, wewe ni Mkakwa wa Kuluba. Huyu ametoka nyota."

"Mama yake iliolewa mbali," Hajji akasema. "Dada zetu mingi naolewa mbali. Shida iko wapi?"

Watu wakacheka, halafu kicheko kikaisha chenyewe, na niliona wanawake wawili wakikaza vitambaa vyao kichwani kama msiba umeanza upya. Ayikoru akamtazama mpiga picha. Mpiga picha akawasha.

Hajji alitoka mpaka barabarani, akarudi akitembea kama mtu anayefika. Hakusalimia. Alisimama mbele ya ule mgomba kwa muda, akauangalia toka kichwani mpaka miguuni, kisha akageuka.

"Nani iliona mtoto yangu mara ya mwisho?"

Mama Rukia alikuwa amekaa mlangoni mwake. Kwenye karatasi yeye alikuwa mwanamke mwema, uji na maji, hana kosa. Lakini kwenye karatasi hakuna aliyemwuliza. Alimtazama Ayikoru. Mimi nilikuwa karibu naye, na niliona mikono ya Ayikoru mitupu, karatasi ziko kwenye spana zangu. Angeweza kumpa neno. Hakumpa.

Mama Rukia akapiga magoti.

"Yeye ilikuja jioni, iliomba maji," akasema. "Mimi niliogopa macho yake. Nilifunga mlango. Asubuhi nilileta maji." Akageuka akautazama mlango. "Lakini ilikuwa asubuhi sasa."

Baadaye nilimwuliza alitoa wapi maneno hayo. Akaniambia alitaka kusema alimtunza vizuri, akamwona Hajji amesimama pale, akaona mjomba hatoki kwake mpaka msibani kuja kuambiwa kwamba mambo yalikuwa mazuri.

Sasa hapo hakuna aliyejua kinachofuata. Candia hakujua, Ayikoru hakujua, mimi nilikuwa nimeshika waya wa maiki na nilikuwa nauminya. Hajji angekataa, hakuna mazishi, hakuna sehemu, hakuna Ayikoru. Na alikuwa na haki ya kukataa. Alimwangalia yule mama aliyepiga magoti muda ambao kwenye televisheni mmeuona mrefu, na pale ulikuwa mrefu zaidi. Bodaboda ikapita barabarani.

"Muzike yeye," akasema. "Lakini chakula ya hii nyumba, mimi hapana kula."

Akageuka akaondoka. Wanaume wakainuka, mgomba ukaingia, udongo ukaanza.

Candia alikuwa wa kwanza kusema. Alisema ni nzuri, ni nzuri sana, turudie kwa sababu ya ile bodaboda. Hajji alikuwa ameshafika kwenye ua wa pili. Akauliza bila kugeuka kama tunataka kuzika mtu mara mbili. Wale wenye majembe hawakusimama. Ndiyo maana mnasikia bodaboda. Msinipigie tena simu kuniuliza maiki ilikuwa wapi.

Candia akamwambia Ayikoru kwamba kipande kizuri si mwisho. Mtu anakataa chakula, basi? Mtazamaji wa Kampala ataelewa nini? Tukalete taa. Ayikoru akasema hakuna kupaa, sehemu imekwisha pale mjomba alipoondoka. Akasema kwamba mgeni sasa ana mtu wa kumdaia haki, na mwanamke ana deni la maji, na taa zitafuta yote hayo. Candia akasema ataamua akishashiba.

Chakula kilikuwa tayari, mbuzi na wali na ugali wa muhogo, mama Rukia na jirani zake walipika tangu asubuhi. Sahani zikapita. Hajji alikuwa amekaa kwenye kigogo upande wa pili wa ua, na mwanamke mmoja akampelekea sahani. Akairudisha. Akasema kwa upole kwamba alishasema.

Nadhani wengine walitaka kucheka. Hakuna aliyecheka. Mikono ikasimama kwenye sahani, mmoja mmoja, mpaka ua wote, watu na majembe yao na matope miguuni, wamekaa na chakula wasichokula. Candia alikuwa na nyama mkononi. Aliwaangalia, akaiangalia nyama, akairudisha kwenye sahani. Kisha akamwambia mpiga picha afunge kamera, na taa zibaki kwenye gari.

Tulikuwa tumeshafunga sanduku mama Rukia alipotoka jikoni. Alibeba sahani nyingine na birika la kunawia. Alivuka ua, akapiga magoti mbele ya Hajji, akasema neno ambalo hatukulisikia. Candia alimshika mpiga picha mkono, akamwonyesha afungue haraka, haraka. Ayikoru akaweka kiganja chake juu ya kifuniko cha sanduku.

"Acha," akasema. "Hiyo ni yao."

Candia alimtazama. Nilingoja amwambie arudi kwenye nyaya. Akamwuliza, kama mtu anayeuliza njia mahali asipopajua, "Kwa hiyo tumemaliza?"

"Tumemaliza."

Yule wa Kampala hakupigiwa simu. Sehemu ilitoka kama mlivyoiona, na zilizofuata mnajua ni za nani. Mimi watu wananisimamisha mpaka leo, Koboko sokoni, Arua kwa kinyozi, wananiuliza kama yule mjomba aliwahi kusamehe. Ayikoru alituomba tusijibu, waache wabishane, na mimi sijajibu nje. Lakini ninyi ni wa ndani, na mtabaki na kazi hii, kwa hiyo mjue. Hajji alinawa, akala, akamaliza. Akasema nyama haina chumvi.